Vyura Umewapeleka Wapi?

Alinipigia saa tatu na robo usiku, dakika chache baada ya kipindi changu cha redio kuisha. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, simu mkononi, nangoja pongezi. Sifichi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tumekisikia. Hata mpangaji mwenzangu nimemwita, nikamwambia njoo uwasikie watu wa kwetu." Akatulia kidogo. "Umeongea vizuri. Na mimi nimeongea vizuri. Lakini mwanangu, vyura umewapeleka wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Pale siyo kwetu. Pale kama tumekaa ofisini kwa mtu."

Akaniaga, akanisisitiza nisilale na njaa, akakata.

Zimepita wiki saba. Nina makala mbili za blogu hii nimezianza sijazimaliza, moja ya bei ya mchele na nyingine hata sikumbuki ilikuwa ya nini. Kila nikikaa kuandika, nawasikia wale vyura ambao hawapo.

## Kaisafishe

Nitamwita Mama Mkaa, kwa biashara yake. Ni mmoja wa majirani watano niliowarekodi mtaani kwetu bondeni, Msimbazi, Dar es Salaam, upande wa Kigogo, ile miezi ambayo wathamini walikuwa wameshapita, namba zimeshaandikwa ukutani, na salamu ya asubuhi imegeuka kuwa "vipi, zimetoka?", yaani fedha za fidia. Habari za mradi wa bonde, wa kutuhamisha kwa ajili ya mafuriko, mnazijua, sitazirudia. Nilitaka kitu kimoja tu: kabla hatujatawanyika, watu waseme kwa vinywa vyao pale palikuwa wapi.

Nilikuwa na simu na kimaiki cha kubana kwenye nguo. Kelele nilizifukuza kama mtu anayefukuza nzi kwenye samaki. Nikimkalisha mzee wa kahawa, vikombe vinalia mkononi mwake mwenyewe, maana hawezi kukaa bila kuvigonganisha. Tukihamia uani, mpangaji anawasha pampu. Tukiingia ndani, anapita yule kijana wa dawa ya panya na spika yake inayojirudia tangu enzi: panya, mende, kunguni, viroboto. Jua likizama, adhana kutoka misikiti mitatu, na hakuna hata mmoja unaoanza sawa na mwenzake. Giza likishika, vyura.

Nikawa nawaambia watu, "Tusubiri kidogo, kelele zipite."

Walisubiri, kwa heshima tu. Siku moja mzee wa kahawa akaniuliza, "Zipite ziende wapi?"

Nilidhani anatania.

Kazi ilipokamilika niliipeleka kwenye redio moja ndogo. Fundi mitambo akasikiliza kama dakika mbili, akashusha vifaa vya masikioni shingoni. "Maneno mazuri. Sauti chafu. Kaisafishe."

Nikaenda kuisafisha. Kwa ambaye hajawahi kuifanya kazi hii, programu nyingi za kuhariri sauti zinakwenda hivi: unatafuta sekunde chache ambazo hakuna mtu anayezungumza, unaziwekea alama, unaiambia programu kwamba hii ndiyo kelele. Inaishika sura yake. Kisha inapita rekodi yote kutoka mwanzo hadi mwisho na kupunguza kila kinachofanana na zile sekunde. Kinachobaki ni sauti ya mtu, kavu, kama nguo iliyotoka kupigwa pasi.

Nilifurahi sana siku ile. Nilimwita mdogo wangu aje asikie tofauti.

Sasa hebu angalia nilichokifanya. Nilitafuta mahali ambapo sisi sote tumenyamaza na mtaa peke yake ndio unaosema, nikauonyesha kwa mashine, nikasema: uchafu ndio huu.

Sekunde nne zilitosha.

## Bahari ambayo haikuzimwa

Mtu akiumwa na kitu huanza kuuliza kama kuna wengine walioumwa hivyo. Nikaanza kusikiliza makala za redio za watu wa mbali, usiku, bando likiwa nafuu.

Kuna Mkanada mmoja, Glenn Gould, mpiga piano mashuhuri aliyeacha kupiga mbele ya hadhira mwaka 1964 akajifungia na mikanda ya kurekodia. Mwaka 1969 redio ya taifa ya Kanada ilirusha makala yake kuhusu Newfoundland, kisiwa cha wavuvi. Nakiri si kazi ya kusikiliza huku unakatakata mboga. Watu wanaongea juu ya wenzao, huyu hajamaliza yule ameshaingia, na chini yao wote kuna mawimbi. Mwanzo nilidhani mawimbi ni kionjo cha kufungulia kipindi, yatapungua mtu akianza kuongea. Hayakupungua yakaisha. Bahari ilikaa pale mpaka mwisho kama mwenyeji ambaye wageni wamekuja kuongelea kwake.

Nikasoma habari za kisiwa chenyewe ndipo nikakaa vizuri. Kati ya mwaka 1954 na 1975, vijiji karibu 300 vya pwani ile vilihamwa kwa mipango ya serikali, watu wapatao 30,000, ili wawe karibu na shule, hospitali na barabara. Wapo waliozivuta nyumba zao juu ya maji, nyumba nzima na madirisha yake, zikaelea mpaka makazi mapya. Na kuna kipengele kimoja kilichonikaa kooni. Mwanzo, ili kijiji kilipwe kuhama, ilibidi kaya zote zikubali. Baadaye masharti yakalegezwa, zikatosha kaya 90 katika 100, kisha 80. Kwa hiyo anayegoma hakuwa anagombana na serikali. Alikuwa anagombana na jirani yake wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa ameshafunga mizigo.

Hicho nitakirudia.

Gould alikuwa na ujanja mwingine. Katika makala yake ya kwanza ya namna hii, ya mwaka 1967, kuhusu kaskazini mwa nchi yao, watu watano walihojiwa kila mmoja peke yake, lakini kwenye kuunganisha aliwaweka kama wasafiri wa treni moja, wakibishana, treni ikiunguruma chini yao. Wapo wanaosema huo ni uongo. Labda. Lakini mimi nilifanya kinyume chake, na huo nao tuuitaje? Yeye alichukua watu wasiokaa pamoja akawafanya majirani. Mimi nilichukua majirani wanaogombea kamba ya kuanikia nguo kila Jumamosi nikawafanya watu watano wasiowahi kuonana.

Kila mmoja na dakika zake. Kila mmoja na ukimya wake safi nyuma yake.

Mwaka 1993, huko Chicago, mtayarishaji David Isay aliwapa vinasa sauti vijana wawili, LeAlan Jones wa miaka 13 na Lloyd Newman wa miaka 14, wakarekodi maisha yao wenyewe kwa siku kumi hivi. Wanatembea, wanacheka, wanahojiana na ndugu zao nyumbani. Hawakumwambia mtu asubiri kelele zipite, kwa sababu wao wenyewe walikuwa sehemu ya kelele. Nilisikiliza nikiona haya. Mimi pia nimezaliwa mtaani kwangu. Kilichonifanya nishike kimaiki kama mgeni wa mradi sijui ni nini, au najua: nilikuwa nataka redio inikubali.

Na wala tusiende mbali. Waliokulia na Redio Tanzania wanaijua ngoma ya taarifa ya habari, zile ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, mpigaji asiyeona ambaye nchi nzima ilimsikia kabla ya kusikia mtangazaji. Baba akiisikia ngoma ile alikuwa anainua kidole tu, hata hajasema nyamazeni. Mpaka leo ikipigwa popote narudi kwenye kile chumba, naiona taa ya chemli, nasikia harufu ya mafuta ya taa. Hakuna neno ndani ya ngoma ile.

Kisha mimi nikaamua kwamba mahali pamekaa kwenye maneno.

## Geti

Vyura ningeweza kuwarudisha. Rekodi za mwanzo ninazo. Kilichonikosesha usingizi zaidi ni kingine nilichokisafisha, ambacho Mama Mkaa hakukitaja kwenye simu, na mimi nikashukuru hakukitaja.

Mvua ya Desemba 2011, ile iliyokuja siku chache baada ya sherehe za miaka 50 ya Uhuru, kila mtu wa bondeni ana hadithi yake. Watu kama 40 walifariki jijini. Baadaye familia nyingi zikapelekwa Mabwepande, nyingine zikabaki, nyingine zikaenda zikarudi. Mama Mkaa alibaki. Katika rekodi anasimulia usiku ule kwa zaidi ya nusu saa. Vyura, anasema, walinyamaza wote kwa mpigo, na hapo ndipo alipojua. Akawaamsha watoto. Akabeba mdogo mgongoni, akamshika mkubwa, maji magotini, akaenda kwenye nyumba pekee ya mtaa iliyokuwa imeinuliwa msingi, yenye geti la chuma.

Akagonga.

"Nikagonga," anasema kwenye rekodi. "Nikagonga kwa jiwe. Taa iliwaka, nikaiona kwa macho yangu. Ikazimwa."

Hapo kuna ukimya wa sekunde kumi na moja. Vyura wamejaa ndani ya ule ukimya. Halafu anasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi tukapanda juu ya paa la choo."

Mwenye geti naye ni mmoja wa wale watano niliowarekodi. Ananiita kijana wangu. Baba yangu alipofariki, yeye ndiye aliyetoa gari kupeleka mwili, na hakutaka hata hela ya mafuta.

Nililikata geti. Katika kipindi kilichorushwa, Mama Mkaa anaamsha watoto, kisha moja kwa moja yuko juu ya paa. Mahali nilipounganisha huwezi kupasikia. Niliona nimetenda busara: mtaa unavunjwa, watu wanaagana, wa nini mtu aondoke na fedheha? Nikajiambia majirani ni kusitiriana.

Lakini wiki zikienda, nikawa najiuliza nilimsitiri nani. Yeye? Au nilijisitiri mimi, nisije nikakutana naye msikitini akanitazama? Maana mtangazaji anayekuja na gari la redio na kuondoka anaweza kuthubutu. Atalala kwingine. Anayerekodi mtaa wake analala humohumo, na hata mtaa ukishavunjwa, misiba bado ni ileile.

Nikawafikiria wale wavuvi wa Newfoundland, kaya 80 na kaya 20. Ukiondoa ule ugomvi, unabaki na nini? Bahari nzuri na wazee wanaokumbuka samaki.

Kwenye redio yangu mtaa wa bondeni ulikuwa na watu wema watano na mto mmoja mbaya.

## Chanika

Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Vijana wameisikia kama historia. Baba yangu mkubwa alikuwa kiongozi wa kikundi, mmoja wa watu kama 75,000 waliofundishwa kazi hiyo, na walioshiriki walikaribia milioni mbili. Alikuwa akisimulia kwamba redio ilikuwa moja, inawekwa juu ya kigoda, watu wanasikiliza, inazimwa, ndipo shughuli inapoanza. Wanabishana. Choo kichimbwe wapi, nani ana jembe, nani mvivu. Kwa maelezo yake, kipindi kilikuwa kifupi, ubishi ndio uliokuwa mrefu.

Kipindi changu kilikuwa cha dakika ishirini na nne na kila mtu alikisikiliza kwake. Mbagala, Kivule, Bunju, Chanika.

Mwezi uliopita palikuwa na hitima ya bibi mmoja wa mtaani, nyumbani kwa mwanawe, Chanika. Tulikuwa hatujakusanyika hivyo tangu tuhame. Baada ya pilau, watu wamekaa kwenye mikeka wanasema wameshiba huku wanaongezewa, Mama Mkaa akasema kwa sauti, "Huyu ana rekodi zetu. Siyo ile ya redioni. Zile zenyewe." Mtu akaleta spika ya kuunganisha na simu. Sikupata pa kukimbilia.

Nikaweka ya Mama Mkaa, haijaguswa.

Hawakumsikiliza Mama Mkaa hata kidogo! Yeye mwenyewe hakujisikiliza. Dakika ya kwanza mtu akainua mkono: "Sss! Huyo mbwa wa nyumba ya bluu huyo." Mwingine akasema hapana, ni yule mwenye kilema, msikilize anavyobweka mara mbilimbili. Wakabishana juu ya mbwa. Pampu ikasikika, wakajua ni pampu ya nani na kwamba siku ile maji yalitoka, kwa hiyo ilikuwa Alhamisi. Mwanamke mmoja akashika kifua aliposikia mafuta yakichacharika kwa mbali. "Mihogo yangu," akasema. "Jamani, mihogo yangu hiyo." Kijana wa dawa ya panya alipopita, mkeka mzima ulimwitikia kwa pamoja, panya, mende, kunguni, viroboto, mpaka mashekhe waliokuwa wamebaki wakageuka kutazama.

Nilikuwa nimeishi na rekodi ile karibu mwaka. Sikuwahi kumsikia yule mbwa.

Kisha vyura. Watu wakatulia. Nami nikakumbuka kinachofuata.

Mwenye geti alikuwa pale, ameegemea nguzo ya baraza, kijiti mdomoni. Sauti ya Mama Mkaa kwenye spika imeshafika kwenye maji magotini. Nikanyoosha kidole nizime. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwenye simu.

"Acha," akasema Mama Mkaa.

*Nikagonga kwa jiwe. Taa iliwaka, nikaiona kwa macho yangu. Ikazimwa.*

Sekunde kumi na moja. Sikutazama upande wa nguzo.

Mama Mkaa ndiye aliyegeuka. "Hapo nilikuwa nakusema wewe."

"Najua," akasema yule baba, bila kutoa kijiti. "Mwaka gani mvua imenyesha hujanisema?"

Watu wakacheka. Siyo kicheko cha furaha sana, lakini kilikuwa kicheko. Mzee mmoja akaniambia pembeni, kama mtu anayemweleza mtoto kitu cha wazi, "Sasa hilo ulilikata la nini? Mtaa mzima tunalijua." Nikajua hapo kwamba kile nilichokiona fedheha ya kufichwa wao walikuwa wameshaishi nacho zaidi ya miaka kumi, wanakisogeza huku na huku kama kabati kubwa ndani ya chumba kidogo, mtu anajigonga, analaani, anapita.

Ningeishia hapa ningekuwa nimemaliza vizuri. Lakini tulipokuwa tunavaa viatu, mwenye geti alinishika mkono, tukasimama kidogo kando ya ndoo za maji.

"Kijana wangu. Mtaani, sawa. Wananijua. Wanajua nilizima taa na wanajua siku nyingine niliwasha." Akautazama mkeka unakung'utwa. "Redioni atanisikia mtu ambaye anajua moja tu."

Sikuwa na jibu, na mpaka sasa ninapoandika sina. Mama Mkaa ana haki ya usiku wake, na ni yeye aliyeusema. Mwenye geti ana haki ya siku zake nyingine. Nilimwomba anisimulie kwa nini alizima taa, nirekodi. Akasema atafikiria. Nimempigia mara mbili, tumeongea habari za mafua.

## Faili mbili

Redio wameniomba toleo jingine, kipindi kilipendwa. Kwenye kompyuta nina faili mbili. Ya kwanza ni ileile ya dakika ishirini na nne, na vyura wamerudi ndani. Ya pili ni ya dakika thelathini na moja, ina geti. Fundi mitambo nimemsikilizisha vyura. Amekunja uso, akasema wasikilizaji watadhani mitambo ina hitilafu. Nikamwambia waache wadhani. Ya pili sijamwonyesha mtu.

Jumapili nilishuka bondeni. Sikwenda kurekodi watu, hawapo. Nilisimama karibu na palipokuwa na banda la mkaa, au ninapodhani lilikuwapo, maana mwembe niliouzoea kama alama nao umekwenda. Nikainua simu, nikarekodi dakika moja. Magari ya mbali. Upepo kwenye kimaiki, ambao zamani ningeulaani. Vyura walikuwapo, wengi kuliko tulipokuwa tunaishi nao, au labda hakuna cha kuwafunika.

Nikamtumia Mama Mkaa kwa WhatsApp bila maelezo.

Akajibu usiku, naye kwa sauti. Sekunde tisa. Hakusema kitu. Kuna mtu anafagia, kuna jogoo aliyepotea saa, na mbali sana pikipiki inapanda mlima.